Yupo, Yuko, Yumo: Siku Nilizohesabu Watu Malindi

Jambo la kwanza nililolifanya katika utumishi wa serikali lilikuwa la kipumbavu: nilimwandika baba yangu kuwa alilala nyumbani kwetu Malindi usiku wa sensa. Baba alikuwa Uarabuni. Alikuwa na miaka saba hajalala kwetu hata usingizi wa mchana. Nalisema mapema kwa sababu mji huu hauna siri, na ni afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa Bi Rukia wa nyumba ya pili, ambaye hatoi habari mpaka aiunge nazi.

Sasa nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, nimerudi kidato cha tatu, na walimu wananiamrisha kufuta ubao kana kwamba sijawahi kuitumikia nchi. Utumishi wangu ulidumu siku kumi na moja za likizo ya Agosti mwaka huu wa themanini na tisa, siku tatu za mafunzo na nane za kutembea juani. Nimewaona wazee wa mtaa wetu wakistaafu posta na forodhani, wanavyokaa barazani kueleza kazi zao mpaka kahawa ya watu inapoa vikombeni. Nami nadai haki hiyo. Ya vyeo na mishahara nayaruka. Cheo changu kilikuwa kimoja, nilianza nacho na nikamaliza nacho. Nawaandikia nyinyi mlio darasa la kwanza na la pili leo, mnaokimbizana na matairi, ambao miaka kumi ikitimia mtapewa begi na fomu mkadhani kazi ni kuhesabu. Kuhesabu hata mama kuku anahesabu vifaranga vyake. Kazi ni kuuliza, na ukishauliza, kuandika ulichojibiwa. Hilo la pili ndilo lililonishinda.

Makarani wa sensa walitakiwa wawe walimu na watu waliomaliza shule. Mmoja wa mtaa wetu akapata safari ya ghafla, wakatafuta mtu mwenye hati nzuri anayeijua mitaa. Hati yangu ni nzuri. Ndiyo iliyokuwa ikiniponza, maana tangu shule ya msingi nilikuwa nawaandikia wenzangu barua za ruhusa, na kwenye barua hizo nilikuwa mzazi wa nusu ya darasa. Aliyetuandikisha alikuwa Mwalimu Katana, ambaye ndiye angekuwa msimamizi wetu. Alinifundisha darasa la tano kabla hajastaafu ualimu. Ni Mgiriama mwembamba, mrefu, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi upande mmoja, na sijamwona akiharakisha kitu isipokuwa kufuta makosa. Alishika karatasi yangu ya majaribio akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu.

“Hati hii naijua,” alisema. “Imewahi kuniarifu kwamba bibi yako amefariki. Mara tatu.”

Nikasema shikamoo, Mwalimu. Akasema marahaba, akaliandika jina langu.

Mafunzo yalifanyika darasani, tukiwa tumekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Afisa aliyetufunza alikuwa mtu wa bara, mpole, suruali yake imepigwa pasi hadi inaweza kukata mkate. Kwake yeye kila mtu alikuwa “yuko” na kila kitu “iko”. Mwenye nyumba yuko? Choo iko? Maji iko? Sikucheka, au nilicheka kidogo tu, kwa sababu mwenzangu alinikanyaga. Lakini kwetu sisi huwezi kusema hivyo ukapewa chakula. Mama yangu alinifunza haya kabla hajanifunza kufunga viatu: yupo ni yule unayeweza kumnyooshea kidole, yuko ni yule aliye mahali fulani hata kama hupaoni, na yumo ni yule aliye ndani ya kitu. Ukikosea, Mama alikuwa akikurudisha nje ya mlango uingie upya, uliseme vizuri. Utotoni nilitoka na kuingia mlango ule mara nyingi kuliko paka.

Afisa alikazania sheria moja, tukaiimba kama wimbo: unamwandika aliyelala hapo usiku wa sensa. Aliyelala kwingine ataandikwa kwingine. Mgeni aliyelala anaandikwa. Mwenye nyumba asiyelala haandikwi, hata kama nyumba aliijenga kwa mikono yake na kitanda ni chake.

Tulipewa begi la turubai, kibao cha kuandikia, kalamu za risasi mbili, kichongeo, ufutio na chaki ya kuandikia namba milangoni. Chaki niliipenda mno. Mtu mzima na mvi zake anatoka kukuangalia ukiuandika mlango wake, na hana la kusema. Ufutio niliutupa chini kabisa ya begi, nikijua mtu wa hati nzuri hana haja nao. Mkipewa vyombo hivyo, wadogo zangu, uwekeni ufutio juu.

Siku ya kwanza ya kuhesabu iliangukia Ijumaa. Eneo langu lilianza mtaani kwetu, nyumba za mawe za zamani zilizochanganyika na za makuti, likaenda hadi nyuma ya soko, kisha likashika kipande cha Kisumu Ndogo. Asubuhi nilitoka nyumbani kifua mbele, nikafika mlangoni kwa Bi Rukia, nikainua mkono nibishe. Mkono ukakataa. Mlango huo nimeubisha tangu nikiwa natambaa, kuomba chumvi, kuomba kiberiti, kuomba radhi. Lakini sikuwa nimewahi kuubisha nikiwa serikali. Nikaona nianze na nyumba ambayo haiwezi kunifukuza. Nikageuka, nikabisha kwetu.

“Hodi. Sensa.”

Mama alikuwa amekaa mkekani akishona kofia. Ndiyo kazi yake, kofia za mkono, tundu baada ya tundu, na vidole vyake haviangaliwi na macho yake tena. Alinitazama na beji yangu. Akanambia serikali husalimu kwanza. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, karibu ndani, vua viatu, serikali ina matope.

Nikakaa na kibao magotini, nikasoma swali kwa sauti ya yule afisa: mkuu wa nyumba ni nani?

“Babako.”

Nikamuuliza jina lake. Mama akaniuliza kama silijui. Nikamwambia anayeuliza si mimi. Basi akalitaja lote, lake na la baba yake na la babu yake, polepole, kama mtu anayebeba sinia la vikombe vilivyojaa. Nikaliandika mstari wa kwanza. Halikuwahi kuandikwa vizuri vile.

“Alilala hapa usiku wa jana?”

Mama aliuleta uzi mdomoni, akaukata kwa meno.

“Yuko,” alisema.

Nilisikia vizuri. Nalisema hili msije mkanitetea. Mama alisema yuko, na mtoto wake hawezi kudai hajui tofauti. Kwa miaka saba hilo ndilo jibu lake. Akiulizwa sokoni mume wako je, yuko. Msikitini wakimsalimia, babake Famau je, yaani babangu mimi, yuko. Sijawahi kumsikia akisema hayupo, na hakuna aliyewahi kumlazimisha aseme, kwa sababu watu wana adabu. Fomu haina adabu. Inataka alama.

Nami niliutazama ule mstari wa kwanza, jina limekaa pale kwa hati yangu nzuri, chini yake jina la Mama, chini yake langu. Ilifanana na nyumba. Ilifanana na nyumba za wenzangu, ambazo zote zina mtu mstari wa kwanza wa kuwakatalia ruhusa ya kwenda sinema. Nikaweka alama: alilala hapa. Kazi yake, dereva. Alikozaliwa, Mambrui. Nikafunga kibao, nikatoka nje, nikaandika namba ya chaki mlangoni kwetu, kubwa kupita zote nilizoandika baadaye.

Kutoka hapo nilikuwa simba. Nikabisha kwa Bi Rukia.

Bi Rukia ni mwanamke mnene, mchangamfu, mume wake yuko Maskati mwaka wa nne huu. Nilipomuuliza mkuu wa nyumba akamtaja. Nilipomuuliza kama alilala hapa akacheka, akasema mwanangu, angelala hapa ungenikuta nimepaka hina? Nikamwambia basi haandikwi. Akaacha kucheka. Akasema mwandike tu, nyumba ni yake, mabati haya aliyaleta yeye. Nikamsomea sheria ile neno kwa neno: mwenye nyumba asiyelala haandikwi.

“Na babako je?” akauliza. “Ameandikwa?”

“Ameandikwa.”

“Kwani yupo?”

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema yuko. Neno moja, herufi moja tu tofauti, na mimi ndiye niliyekuwa nikimcheka mtu wa bara.

“Yupo,” nikasema.

Bi Rukia akanipa maji ya kunywa.

Sasa lazima niwaeleze habari ya kanda. Miaka ya mwanzo Baba hakuwa akituandikia barua, alikuwa akizungumza kwenye kanda za kaseti na kuwapa watu wanaokuja. Kanda ya mwisho ilifika nikiwa darasa la nane. Kila Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, Mama anaitia kwenye redio. Baba anasalimu, anakohoa, honi ya gari inalia nyuma yake, anauliza paa linavuja bado, kisha anauliza: “Famau amefika dirishani?” Alipoondoka alinipima kwa dirisha, kichwa changu kilikuwa kimefika kizingiti cha chini. Mama hujibu kila swali, sauti ndogo, akiendelea kushona. Amefika, anasema. Kila Ijumaa nimefika. Siku hizi dirisha lenyewe nalifunga kwa kuinamisha mkono.

Kazi ya kununua betri ni yangu. Wiki ile nilisahau, nilikuwa nashughulikia taifa. Betri zikichoka, Baba anazeeka: maneno yanavutika, sauti inashuka chini hadi kifuani, kikohozi kinakuwa cha mzee. Ijumaa ile, nikiwa nyuma ya soko nikihesabu watu, Mama aliitia kanda, na Baba akatoka mzee wa miaka sabini. Bi Rukia anaijua kanda hiyo kama anavyoijua adhana. Angeisikia kama kawaida asingeinua kichwa. Lakini sauti hii ilikuwa mpya, nzito, imechoka, ya mwanamume aliyekaa miaka saba kwenye jua la watu. Na asubuhi serikali ilikuwa imemwambia yupo.

Mimi sikujua lolote. Niliendelea na kazi, na kazi ilikuwa tamu na ngumu. Mtaani kwetu niligundua jambo ambalo nilikuwa nikipita mbele yake kila siku bila kuliona. Nyumba baada ya nyumba, mstari wa kwanza ulikuwa na mtu asiyelala. Yuko Jidda. Yuko Maskati. Yuko Mombasa bandarini. Wanawake walimtaja kwanza, jina zima, kisha wakaniangalia. Nami nikawaambia haandikwi, haandikwi, mkali kama mkuu wa wilaya. Siku mbili hizo niliwanyang'anya wanawake wa mtaa mzima waume zao kwa kalamu ya risasi, nikabakisha wa mama yangu peke yake.

Mwalimu Katana alitembea nami kuanzia siku ya tatu. Hii ilikuwa sensa yake ya tatu. Aliifanya ile ya kwanza baada ya uhuru akiwa kijana, na ile ya miaka kumi iliyopita. Alikuwa hasomi namba za milango, anasoma paa. Serikali haikutaka kujua mtu anapata kiasi gani, iliuliza paa lake ni la nini, ukuta wake wa nini, na maji anayatoa wapi, na kwa hayo matatu Mwalimu alikuwa akijua nani anakula mara ngapi. “Mtu atakudanganya juu ya mfuko wake,” alinambia, “lakini makuti yaliyooza hayajui kudanganya.” Tukipita, alikuwa akinionyesha. Hapa mara ya kwanza niliandika ukoo mzima wa Wabajuni waliokimbia visiwani, watoto wamelala kama samaki kwenye kapu. Sasa kuna vikongwe wawili na mbuzi. Kule karibu na bahari niliandika wavuvi. Sasa kuna ukuta mweupe, na ndani yake Mtaliano, mpishi wa Kigiriama na mbwa ambaye angehesabiwa kama angekuwa na kabila. Waliouza kiwanja wamehamia nyuma, na wa nyuma wamesukumwa nyuma zaidi.

“Karatasi inajua nani ameingia mjini,” alisema siku moja tukiwa tumekaa kula mihogo ya kukaanga. “Nani ametoka haijui. Hilo yuajua aliyebaki, na aliyebaki haulizwi.”

Nilimuuliza kwa nini basi tusiliongeze swali. Akasema fomu haina nafasi. Kisha akaomba kuuona ukurasa wangu wa kwanza. Nikasema nimeuacha nyumbani. Uongo wa tatu huwa mwepesi kuliko wa kwanza.

Kabila ndilo swali lililowakera watu kuliko yote. Sheria ya Mwalimu ilikuwa hii: kabila ni analolisema mwenyewe, si unaloliona wewe. Mzee mmoja wa mtaani kwetu nilipomuuliza akasema andika mtu wa Malindi. Nikamwambia hakuna namba ya mtu wa Malindi. Akanambia basi waambie waliotunga namba waje, nitawaonyesha makaburi. Kwenye nyumba ya yule Mtaliano palikuwa na mtoto wa kike wa miaka sita hivi, nywele za rangi ya mchanga, mama yake Mgiriama. Mtaliano alinambia mtoto ni wake. Mama akanambia ni wake. Tukawa tumekwama pale, kalamu hewani, hadi mtoto mwenyewe akaniuliza kwa Kiswahili kisafi kuliko cha afisa wetu: wewe ndiye unayeandika watu? Mimi niandike hapa. Akaniwekea kidole kwenye mstari. Niliandika alivyotaka mama yake, lakini kidole kile chenye mafuta ya samaki kimebaki kwenye fomu, na kiko Nairobi sasa hivi.

Kisumu Ndogo nilikwama kabisa. Mama mmoja kutoka upande wa Ganze, ana watoto wamejaa uani, nilimuuliza mkuu wa kaya ni nani, kwa maana kitabu cha maelekezo kiliita nyumba kaya. Akanitazama kwa hofu. Akasema wakuu wa kaya wako kaya, kwenye msitu mtakatifu wa mababu, ni wazee, na yeye ni nani wa kuwataja majina kwa mtoto mwenye chaki. Nilipopata njia ya kutoka hapo nikaingia shimo lingine: nikamuuliza ana watoto wangapi. Akafunga mlango. Mwalimu Katana akaja, akasimama mbali na kizingiti, wakazungumza Kigiriama kwa muda mrefu juu ya mvua na mahindi na watu wanaofahamiana, hadi nikadhani amesahau kazi. Kisha akamuuliza watoto ni akina nani. Mama akawataja mmoja mmoja, na kila aliyetajwa akaja kusimama mbele yetu. Walikuwa saba.

“Watoto hawahesabiwi,” Mwalimu alinambia tukiondoka. “Ukiwahesabu unaonyesha wanaweza kupunguzwa. Usiulize wangapi. Uliza nani. Hesabu ni siri yako na karatasi.”

Hilo liandikeni popote mtakapolikumbuka. Mimi sikuuliza tena wangapi hadi siku ya kustaafu.

Siku ya sita, Jumatano, ilikuwa zamu ya ukaguzi. Msimamizi huchagua nyumba chache, anarudi kuuliza upya maswali yale yale, aone kama karani aliandika kweli au alikaa kivulini akabuni watu. Mwalimu aliuchukua mrundo wangu wote. Jioni, saa kumi hivi, narudi nyumbani nikiwa na njaa, nikakuta viatu vya wanawake mlangoni kwetu, jozi saba au nane. Nikadhani kuna msiba.

Ndani walikuwa wamekaa mkekani, wamejifunga leso mpya, na katikati palikuwa na sinia la mahamri na birika. Bi Rukia ndiye aliyelileta. Mama alikuwa amekaa wima, kofia mapajani, sindano haisogei. Baadaye nilielezwa kwamba walikuwa wamekaa nusu saa, wakisema habari za mvua, na kila mmoja akitupa jicho kwenye pazia la chumba cha ndani. Mama alidhani wamekuja kwa ajili ya mwaliko wa harusi. Nami nilipoingia ndipo Bi Rukia aliposema, kwa sauti ya mtu aliyesubiri vya kutosha, kwamba wamekuja kumpa mkono msafiri.

Mama akauliza msafiri gani.

“Zuhura,” Bi Rukia akasema, “sote tumefurahi. Usimfiche. Nimemsikia Ijumaa kwa masikio yangu. Sauti imekuwa ya kiutu uzima, lakini ni yeye.”

 Mama aligeuka polepole akanitazama mimi. Nilitamani uso wangu uwe na ufutio.

Na hapo hapo, hodi. Mwalimu Katana, kibao mkononi, miwani na uzi wake. Akasalimu, akaomba radhi kuwaingilia, akasema ni kazi ya dakika chache tu. Mama akamwambia akae. Akakaa kwenye kiti cha pekee, akafungua fomu yangu ya kwanza kabisa, akausoma mstari wa kwanza. Mwalimu ameishi mji huu. Alijua. Nilimwona akiinua macho kwa wanawake wale, kisha kwangu, kisha akaivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Angeweza kuondoka arudi kesho. Lakini amekuwa akifuta makosa maisha yake yote.

“Bi Zuhura,” alisema taratibu, “mume wako alilala hapa usiku ule wa sensa?”

Mahamri hayakuguswa. Mimi nikasema haraka, Mwalimu, ni mimi, nilisikia vibaya.

“Hukusikia vibaya,” Mama alisema bila kunitazama. “Nilikufunza mwenyewe.”

Akaiweka kofia chini, kando yake. Nilidhani atasema yuko. Wanawake wote walidhani hivyo, na nadhani wangemwachia. Hata Mwalimu angeandika kitu.

“Hayupo,” Mama akasema.

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayejibu kwamba maji ya bomba hayajaja. Lakini nilikuwa sijawahi kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwake kuhusu yeye, na lilipotoka nyumba ikawa na watu wawili. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Mimi ndiye niliyekuwa sijahesabu.

Bi Rukia alikuwa amefungua mdomo. Nilingoja. Nilimnyima mume wake kwa kumsomea sheria, ilhali mimi nilikuwa nimejitunuku baba; alikuwa na haki ya kunichana mbele ya halaiki. Badala yake akalisogeza lile sinia hadi likagusa goti la Mama.

“Basi wasafiri wote wametukimbia,” akasema. “Mahamri haya tule wenyewe. Na huyu bwana sensa asipewe hata moja.”

Wakacheka, Mama naye kidogo. Nilipewa mawili, na Bi Rukia ndiye aliyenipa.

Mwalimu Katana hakunifukuza kazi. Alinikabidhi fomu na kusema neno moja: futa. Nikautafuta ufutio chini ya begi, ulikuwa mpya, pembe zote nne. Nilifuta jina, umri, dereva, Mambrui. Karatasi ikachakaa ikakaribia kutoboka. Lakini mimi huandika kwa kukandamiza, na ukiigeuza fomu kwenye mwanga jina bado linasomeka, mifereji mitupu isiyo na wino wala risasi. Mwalimu aliiona. Aliiweka kwenye mrundo, na ndivyo ilivyokwenda. Juu yake Mama alihamia mstari wa kwanza. Kazi: mshona kofia.

Wageni walipoondoka nilikunja mkeka, nikaosha vikombe bila kuagizwa, jambo ambalo halijatokea kabla wala baada. Kisha nikasimama mlangoni, nikatoka nje, nikaingia upya, kama zamani. Nikamwambia, Mama, nisamehe, nilitaka awepo. Alikuwa ameirudia kofia yake, ameshatoboa tundu mbili. Akiendelea kushona, alinambia hivi, nami nayaandika kama yalivyo:

“Hayupo, mwanangu. Nimelitamka, na paa halikuanguka. Yuko, kwa sababu sijasikia vingine. Na Ijumaa yumo, ukikumbuka kununua betri.”